Goma, Bukavu na Lubumbashi: jinsi nguvu za ardhi zilivyoupa kila mji sura yake

Fundi mwashi anayejenga ukuta Goma hahitaji kwenda mbali kutafuta mawe. Huyakuta kiwanjani penyewe, meusi, upande mmoja yameshikamana na kuwa mazito, upande mwingine yamejaa matundu kama mkate uliochacha, na kutwa nzima nyundo yake hugonga kitu ambacho mwaka 2002, na katika mitaa mingine mwaka 1977 au 2021, kilikuwa kikitiririka kama uji. Bukavu, ng'ambo ya kusini ya Ziwa Kivu, shida ya fundi si jiwe bali mteremko: kabla ya kuweka msingi ni lazima akate kilima, aondoe udongo mwekundu, ajenge ukuta wa kuzuia, kisha aombe mvua isinyeshe kwa fujo mpaka kazi ikamilike. Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1,000 upande wa kusini, ardhi ni tambarare, na udongo wa matofali ya kuchoma mara nyingi huchimbwa katika kichuguu kirefu kuliko mtu. Nchi ni moja, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Kiswahili ni kimoja licha ya lafudhi zake, lakini mafundi hawa watatu hawakanyagi ardhi ya aina moja.

Jibu ambalo wengi wetu tulilipata shuleni ni kwamba Kivu, iliko miji ya Goma na Bukavu, kuna bonde la ufa, na Katanga, uliko mji wa Lubumbashi, kuna uwanda wa juu. Jibu hilo si kosa, ila linataja matokeo na kukiacha kisa chenyewe. Kisa ni kwamba ardhi hutendewa mambo mawili makubwa, kuvutwa na kubanwa, na kwamba tofauti kati ya Goma na Lubumbashi inatokana na ni lipi kati ya hayo lililotendeka, na lilitendeka lini. Kivu inavutwa hivi leo. Katanga ilibanwa zamani mno, kabla ya mnyama yeyote kutembea nchi kavu, na tangu wakati huo mvua na upepo vimekuwa vikiisawazisha.

Tuanze na nguvu yenyewe, kwa ufupi. Sehemu ngumu ya nje ya dunia, yaani gamba pamoja na mwamba baridi ulio chini yake, haikuungana kama ganda la yai zima, bali imegawanyika katika mabamba makubwa yenye unene wa kilometa 100 hivi. Chini ya mabamba hayo kuna mwamba wenye joto kali sana ambao haujayeyuka, lakini ambao kwa muda wa mamilioni ya miaka hujongea kama udongo wa mfinyanzi unavyokubali mkono. Mabamba husogea juu yake: mahali pengine huachana, mahali pengine hugongana, na mahali pengine husuguana ubavu kwa ubavu. Karibu milima yote mikubwa, mabonde marefu na volkeno za dunia hii hupatikana pale mabamba yanapokutana au yanapoachana, na ndiyo sababu ramani ya matetemeko ya ardhi hufanana sana na ramani ya mipaka ya mabamba.

Afrika Mashariki na ya Kati ina jambo la pekee: hapa bamba moja ndilo linalogawanyika. Upande wa magharibi liko bamba la Nubia, linalobeba sehemu kubwa ya Afrika. Upande wa mashariki liko bamba la Somalia. Na katikati yao, kama kipande kilichobanwa kati ya mikono miwili, liko bamba dogo linaloitwa Victoria, kwa sababu ziwa la jina hilo liko juu yake. Ukingo wa magharibi wa bamba hilo dogo unapita kwetu, kutoka Ziwa Albert, kupitia Ziwa Edward, Kivu na Tanganyika, mpaka Ziwa Malawi. Mtu anayetoka Goma kwenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, kununua vitu, kisha akarudi jioni, hapati alama yoyote ya kumwonyesha kwamba yuko ndani ya ufa ambao polepole unalitenga bara.

Polepole ndilo neno lenyewe. Katika tawi letu la magharibi pande mbili za ufa huachana kwa milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, yaani urefu ambao ukucha wa kidole huufikia kwa mwezi mmoja. Kila mara picha ya ufa mpya inaposambazwa katika simu, kama ile ya bonde la Mai Mahiu nchini Kenya mwaka 2018, watu huanza kuuliza bahari itafika lini. Wanajiolojia wengi waliochunguza ufa ule walieleza kwamba mvua kubwa ndiyo iliyokuwa imezoa majivu laini ya volkeno na kuufunua. Lakini milimita 2 kwa mwaka, zikidumu, huwa kilometa 2 kwa miaka milioni moja, na ardhi haina haraka.

Je, kuvutwa huko hutengenezaje bonde? Mtu aliyewahi kuacha bugali mezani mpaka ukapoa anaweza kuona jambo hilo kwa macho yake. Ukiushika pande mbili na kuuvuta, ngozi ya juu iliyokauka hupasuka kwa mistari, na sehemu iliyo kati ya mistari hiyo hubonyea, huku sehemu laini ya chini ikinyumbuka bila kukatika. Gamba la dunia hufanya vivyo hivyo: sehemu ya juu, baridi na ngumu, hukatika kwa nyufa ndefu zilizoinama, kipande cha katikati huteleza chini, na kingo hubaki juu kama kuta. Kila kipande kinapoteleza ghafla, hata kwa sentimita chache tu, sisi tulio juu huhisi tetemeko. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, lililoangusha nyumba Bukavu na upande wa pili wa mpaka nchini Rwanda, lilikuwa hatua moja ya mtelezo huo, na lile la tarehe 5 Desemba 2005 katika Ziwa Tanganyika, lenye ukubwa wa 6.8, lilikuwa hatua nyingine.

Ukuta wa bonde hili si jambo la kwenye vitabu tu. Anayesafiri kutoka Bukavu kwenda Uvira kwa barabara ya Nyangezi hufika Ngomo, ambapo gari huanza kushuka kwa kona za kukatisha pumzi, na kutoka kwenye ubaridi wa juu msafiri huingia katika joto la uwanda wa Ruzizi, wenye mwinuko usiofika mita 1,000. Koti alilolivaa asubuhi huliweka magotini kabla ya kufika Kamanyola. Kaskazini, Kabasha hufanya vivyo hivyo kwa wanaotoka uwanda wa Rwindi kupanda kwenda Kanyabayonga na Butembo. Barabara hizo zinapanda na kushuka kingo zilezile za ufa ninazozieleza hapa, na dereva anayelalamikia breki zake analalamikia kazi ya mamilioni ya miaka.

Hapa ndipo penye swali ambalo huwatatiza hata wasomaji makini: kama ufa ni mmoja, mbona Goma kuna volkeno na Uvira hakuna? Mwamba ulioko kilometa nyingi chini una joto la kutosha kuyeyuka, lakini uzito wa miamba iliyo juu yake unauzuia. Gamba linapovutwa na kuwa jembamba, uzito huo hupungua, na sehemu ndogo ya mwamba huyeyuka bila hata joto kuongezeka. Kimiminika hicho, magma, ni chepesi kuliko mwamba mgumu, hivyo hutafuta njia ya kupanda. Njia hiyo haipatikani kila mahali. Katika tawi letu la magharibi hupatikana katika sehemu chache ambapo nyufa kubwa hazifuatani moja kwa moja, bali moja huishia na nyingine huanzia pembeni, na gamba lililo kati yao huvunjikavunjika. Virunga ni sehemu kama hiyo, Kivu ya Kusini ni nyingine, na Rungwe, kusini mwa Tanzania, ni nyingine. Kati ya sehemu hizo ufa una kina bila moto, na Ziwa Tanganyika ndilo shahidi: lina kina cha mita 1,470, sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari, na bado halikuzungukwa na volkeno zinazowaka.

Virunga ni safu ya volkeno nane zilizoukata ufa kwa upana kama boma. Mikeno na Karisimbi, wa mita 4,507, ni wazee na wamenyamaza. Wanaofanya kazi hadi leo ni wawili wa upande wa magharibi, Nyamulagira na Nyiragongo. Nyiragongo una urefu wa mita 3,470 na kilele chake kiko kilometa zisizozidi 20 kutoka mjini, kiasi kwamba usiku wa mawingu mepesi, wakati ziwa lake la zaha, yaani magma iliyofika juu ya ardhi, likiwa limejaa, watu wa Goma wamezoea kuona wekundu angani na kuendelea na chakula chao. Zaha yake ina silika kidogo mno, yaani ile madini iliyomo pia katika mchanga, na silika ndiyo inayofanya zaha iwe nzito na yenye kunata. Ikikosekana, zaha hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la zaha la kileleni lilimwagika kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa moja, na kwenye miteremko ya juu mkondo ulikwenda kwa kasi ya gari.

Nyufa hizo za ubavuni ndizo zinazotuunganisha na hadithi ya mabamba, na naona hazizungumzwi vya kutosha. Wengi hudhani hatari ya Nyiragongo iko kileleni. Tarehe 17 Januari 2002 zaha haikufurika kutoka juu ya mdomo: ardhi ilipasuka kuelekea kusini, upande wa mji, kwa mistari inayofuata mwelekeo wa bonde la ufa, zaha ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifunguka tena ubavuni, zaha ikasimama pembezoni mwa mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka kwa siku nyingi kwa sababu magma ilikuwa imejipenyeza kama ukuta mwembamba chini ya mji wenyewe mpaka chini ya ziwa, na hiyo ndiyo sababu sehemu ya wakazi waliamriwa kuondoka tarehe 27, siku ambayo wengi waliona moto umekwisha. Volkeno na ufa si mambo mawili yaliyokutana kwa bahati. Ardhi inapovutwa, nafasi hufunguka, na magma huijaza.

Zaha hiyo imeamua hata mambo ya nyumbani. Goma hupata mvua nyingi, lakini mjini hamna mto: maji hupotelea katika matundu na nyufa za mawe, na watoto hubeba bidoni za njano kutoka ziwani chini ya mawingu yaleyale yaliyonyesha asubuhi. Kuchimba shimo la choo ni kazi ya nyundo na siku nyingi, na kwa hiyo vyoo vingi hujengwa juu, na mtu huvipanda kwa ngazi. Na mahali penye mashimo na mabonde madogo kuna mazuku, hewa ya ukaa inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hujikusanya chini, na mbuzi aliyeinama kula majani huanguka mahali ambapo mwenye mbuzi, akiwa amesimama, hajasikia kitu.

Ziwa Kivu nalo lilipata umbo lake kwa namna ambayo si kila mtu anaijua. Sio kasoko, yaani shimo la mdomo wa volkeno, ingawa Ziwa la Kijani lililoko njiani kwenda Sake ni kasoko kweli. Kivu ni sehemu ya bonde la ufa iliyozibwa. Hapo kale maji ya eneo hili yalitiririka kuelekea kaskazini, Ziwa Edward, na kutoka huko hadi mto Nile. Volkeno za Virunga zilipokua zikalijengea bonde ukuta, maji yakakosa njia, yakapanda, yakafunika mabonde ya zamani, na takriban miaka 10,000 iliyopita yakapata mlango mpya upande wa kusini, mahali ambapo leo ipo Bukavu. Mlango huo ndio mto Ruzizi, unaoshuka kutoka ziwa lenye mwinuko wa mita 1,460 hivi hadi Tanganyika lililo karibu mita 770, na mteremko huo mkali ndio ulioufanya ufae kuzalisha umeme tangu bwawa la Ruzizi ya kwanza lilipojengwa mwaka 1958. Kwa hiyo tone la mvua linaloangukia Bukavu, ambalo zamani lingeishia bahari ya Mediterania, sasa hupita Tanganyika, hutoka kwa mto Lukuga pale Kalemie, huingia Lualaba, na kumaliza safari yake katika Bahari ya Atlantiki, Banana.

Ukiitazama Bukavu kutoka juu, ambapo rasi zake zimenyooka ziwani kama vidole vya mkono, unachokiona ni mabonde hayo ya zamani yaliyozama. Vidole ni migongo ya vilima. Nafasi kati yake ni mabonde ambayo maji yaliyopanda yaliyajaza. Vilima vyenyewe vimejengwa na zaha pia, ila ni zaha ya mamilioni ya miaka, ambayo mvua na joto vimeishambulia mpaka jiwe limegeuka udongo wa mfinyanzi, mwekundu na mnene, unaoteleza ukinywa maji. Ongeza kwamba nyufa zimeukata mwamba wa chini, kwamba miteremko ni mikali, na kwamba matetemeko hulegeza kila kitu, utaelewa kwa nini katika mtaa wa Funu mteremko mzima husogea polepole, nyumba zikipasuka kutani na kuzibwa kila mwaka. Jiwe la Goma ni gumu mno kwa jembe. Udongo wa Bukavu ni laini mno kwa nyumba. Na vyote viwili ni zaha. Kinachozitenganisha ni muda.

Kabla ya kuiacha Kivu, lipo kosa moja linalostahili kusahihishwa, la kudhani kwamba kila mlima wa mashariki ni volkeno. Ruwenzori, wenye kilele cha Margherita cha mita 5,109 na theluji juu yake, haujawahi kutoa zaha. Ni bonge la mwamba wa kale sana lililonyanyuliwa kati ya nyufa wakati majirani zake walipozama. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, ni ndugu yake mdogo: kipande cha mwamba wa kale kilichobaki juu, si mlima wa moto ulioota ziwani. Kuvuta kulekule, basi, huzamisha, hunyanyua, na huchoma.

Lubumbashi ni kisa cha nguvu ya pili. Miaka zaidi ya milioni 600 iliyopita, mahali ilipo Katanga ya kusini palikuwa na bonde lililojaa maji ya chumvi, na mchanga, matope na chokaa vilijikusanya humo tabaka juu ya tabaka. Kisha bonde likafungwa. Bonge la kale la Kongo kutoka kaskazini na bonge la Kalahari kutoka kusini yalisogeleana, na takriban miaka milioni 550 iliyopita tabaka zilizokuwa kati yake zilibanwa. Sukuma mkeka sakafuni kutoka ncha mbili: hujikunja, mikunjo husimama, na ukiendelea kusukuma mkunjo mmoja hulala juu ya mwingine. Ndivyo ilivyotokea kutoka Kolwezi, kupitia Kambove, Likasi na Lubumbashi, hadi ndani ya Zambia, kwa umbo la upinde ambao wanajiolojia wameupa jina linalotokana na mto Lufira. Bila shaka palikuwa na milima hapo.

Milima hiyo haipo tena. Tangu ubanaji ulipokoma, mmomonyoko umekuwa na muda wa kutosha kuipunguza mpaka ukabaki uwanda wa juu wenye mita 1,200 hivi, wenye miti ya miombo, vichuguu na vilima vidogo vya hapa na pale. Lakini mizizi ya milima ilibaki, na ndani yake imo shaba. Maji ya chumvi yaliyopita katika tabaka zile yalibeba shaba na kobalti na kuziacha mahali maalumu; ubanaji ukazivunja tabaka hizo vipande vipande na kuvisukuma juu, karibu na uso wa nchi, ambapo wachimbaji wa kale walivipata muda mrefu kabla ya kiwanda cha kwanza cha kuyeyusha shaba cha mwaka 1911. Hata leo mtu anaweza kusoma mikunjo ile bila mashine. Katikati ya msitu hukuta kilima kisicho na mti, kimejaa nyasi na vichaka vifupi, kwa sababu udongo wake una shaba nyingi kuliko mti unavyoweza kuvumilia; na juu yake huota ua la shaba, mmea mdogo ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense. Akiokota jiwe huko likawa na michirizi ya kijani, ni malakiti, madini yenye shaba.

Mbali kidogo na mgongano, nguvu ilipungua. Uwanda wa Kundelungu, kaskazini mashariki mwa Lubumbashi, ni wa tabaka za ukoo uleule, lakini huko zimelala karibu sawasawa, kama mikate iliyopangwa, na ndiyo maana uwanda wake ni bapa juu na ukingo wake ni ukuta. Mto Lofoi unaufikia ukingo huo na kuanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja.

Ningeweza kuishia hapo, ila Katanga haikumalizana na ardhi. Magharibi ya Kundelungu, Lualaba huingia katika bonde pana la Upemba, lenye mabwawa, mafunjo na vijiji vya wavuvi, na pande zake mbili kuna kuta zilizonyooka. Ziwa Mweru, mpakani na Zambia, limekaa katika bonde la aina hiyohiyo. Haya ni matawi machanga ya ufa, yaliyotambaa kuelekea kusini magharibi na kuikata ardhi ambayo ilishamaliza kazi yake ya kubanwa. Moto haujatokeza huko, lakini maji ya moto yametokeza: Kiabukwa, karibu na bonde la Upemba, chemchemi yenye joto la nyuzi 91 iliendesha mtambo mdogo wa umeme tangu mwaka 1952, wa kwanza wa joto la ardhi barani Afrika, na ulijengwa kwa ajili ya mgodi.